Meza Mbili za Mke Wangu

Sifa zimwendee Mungu, aliyeniamsha tena leo katika mji huu wa Goma ambamo wengi hawakuamka, akaniachia macho ya kuona karatasi na mkono wa kuandika. Yeye ndiye aliyenipa mke, na Yeye ndiye aliyemchukua. Nikilia katika maandishi haya, anayesoma asidhani kwamba namnung'unikia. Nalia kama mtoto anavyolia mbele ya baba yake, akijua hatafukuzwa.

Mimi ni mzee wa kanisa la Kiprotestanti. Nilizaliwa upande wa Kiwanja, katika nyumba ya wakulima wanaosema Kinyarwanda, waliokuwa wakiimba na kusali kabla ya kushika jembe. Nilibatizwa nikiwa kijana, mtoni, maji yakanifunika kichwa, kwa sababu kwetu mtu huamini kwanza, ndipo akazamishwa. Baadaye nilisomea mafundisho hayo na kuyafundisha wengine, na mpaka leo nayaamini. Nalisema hili mapema ili msomaji asinihesabu pamoja na wale wanaosema kwamba makanisa yote ni kitu kimoja.

Mke wangu alikuwa Mkatoliki wa upande wa Bukavu. Baba yake alikuwa karani, akahamishiwa Goma na kuleta watoto wake. Mama yake hakufika Goma. Alimzaa mke wangu, akambeba mpaka parokia akabatizwa angali mchanga, na muda mfupi baadaye akafa. Kwa hiyo mke wangu hakuwa na picha ya mama yake, wala kitenge chake, wala kumbukumbu ya sauti yake. Alikuwa na ubatizo. Aliniambia tukiwa bado wachumba: "Hiki tu ndicho mama alinifanyia kwa mikono yake na ninakijua."

Tulifunga ndoa kanisani kwetu baada ya maneno mengi. Baba yangu hakutaka harusi ya padri, na ndugu za mke wangu hawakutaka harusi ya pasta. Mwishowe wao walichoka kabla yetu. Wazee wa kanisa walikubali aje kusali nasi kama alivyo, lakini kwenye Meza ya Bwana palikuwa na sharti: anayekula ni yule aliyezamishwa. Maji ya kumiminiwa kichwani utotoni kwetu hayahesabiwi. Angeshuka ziwani, angekula.

Pasta wa wakati ule, mtu mwenye moyo mweupe na mzaha mwingi, alikuja nyumbani kumshawishi.

"Mama, si ni mayi tu? Ziwa liko hapa chini. Unashuka, unapanda, tunakula."

"Kama ni mayi tu, pasta, basi hata yale ya kwanza yalitosha."

"Lakini hata Nikodemo aliambiwa azaliwe mara ya pili!"

"Nikodemo aliuliza juu ya kutojua. Miye najua. Na nikizaliwa leo mara ya pili, kesho mutaniambia ya tatu?"

Pasta alicheka mpaka akafuta macho. Lakini hakubadili neno lake, na mke wangu hakubadili lake. Wote wawili walishika maneno yale yale ya mtume kuhusu Bwana mmoja na ubatizo mmoja. Pasta alimaanisha ule wa ziwani, mke wangu ule wa mama yake.

Kanisani kwetu wanawake hukaa upande wao na wanaume upande wao. Jumapili ya Meza, sisi wazee hupita na sahani za mkate uliokatwa vipande vidogo. Tunampa mtu wa kwanza wa benchi, anampa wa pili, hivyo mpaka mwisho. Wasioruhusiwa hutoka kabla, au hukaa nyuma karibu na mlango. Mke wangu hakutoka wala hakukaa nyuma. Alikaa mbele katikati ya wamama wengine, akapokea sahani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akampa jirani. Kikombe vivyo hivyo. Na mara nyingi sahani ile niliileta mimi. Maisha yote nimempelekea mke wangu mkate, na maisha yote nimeuona ukimpita.

Wamama waliokimbia vita vya Masisi na kuanza kusali kwetu hawakumjua. Kwetu mtu anayepitwa na mkate akiwa benchini ni yule aliyeanguka dhambini na yuko chini ya nidhamu. Wakanong'onezana: muke wa muzee wa kanisa amefanya nini? Siku moja mmoja wao akamshika mkono mlangoni kwa huruma kabisa, akamwambia: "Mama, vumilia tu. Mungu anasamehe hata uzinzi."

Mke wangu alirudi nyumbani akicheka, akashindwa kupanda ngazi, akaketi juu ya mawe.

"Papa, leo nimesamehewa uzinzi," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu tupate watoto.

"Ashukuriwe Mungu."

"Sasa niambie nilifanya na nani, nimupelekee habari njema."

Tulicheka wote. Lakini jioni ile nilimwona anafua kitambaa cheupe cha Meza, maana kazi hiyo alikuwa ameiomba mwenyewe tangu zamani. Alikuwa anasugua mahali pamoja, tena na tena, mahali ambapo hapakuwa na doa.

Kuna atakayeuliza: kwa nini hakurudi kula kwao? Kwao nako hakuweza. Ndoa yetu haikupita mbele ya padri, na kwa sheria ya kanisa lao mtu wa namna hiyo hapokei komunyo. Alipokwenda misa za kilio cha ndugu zake, wengine walipanga mstari, yeye akabaki kwenye benchi na dada yake mkubwa, ambaye naye alikaa ili asimwache peke yake. Alikuwa na meza mbili na njaa moja.

Palikuwa pia na herufi. Wakatoliki wa kwetu husema Yezu, na sisi husema Yesu. Nyumbani mwetu majina hayo yaliishi chini ya bati moja. Watoto wakisali na mama yao walisema Yezu, wakisali nami walisema Yesu, na hawakukosea hata mara moja. Binti yetu wa mwisho, alipokuwa mdogo, alimuuliza yule dada mkubwa wa mke wangu, mama mwenye ulimi, anayeuza mboga karibu na Katindo:

"Mama mukubwa, Yezu na Yesu ni ndugu?"

"Ni mumoja, mutoto wangu. Ila wa baba yako ameng'oka jino, ndiyo maana hewa inapita."

Nilijifanya nimekasirika. Mke wangu alilazimika kutoka nje kwa kicheko.

Sikupaswa kulichukulia jambo hilo kuwa dogo. Sisi watu wa Kivu tunajua barabara ambapo mtu husimamishwa na kuambiwa atamke neno, na ulimi wake ndio unaoamua kama atapita. Nilijua pia habari ya zamani ya watu wa Efraimu waliochinjwa kwenye vivuko vya Yordani kwa sababu ya sauti moja. Niliifundisha. Sikudhani kwamba kivuko kingefika chumbani kwetu.

Vita vilipoingia mjini, mke wangu alikuwa tayari mgonjwa wa moyo. Tulikaa ndani mbali na madirisha, na risasi zilipotulia, dawa zake zilikuwa hazipatikani tena. Miguu ikavimba, kisha tumbo. Daktari, mtu mpole, alinishika bega akasema nimkalishe nyumbani tu, nimpe anachotaka. Nikamuuliza mke wangu anataka nini.

"Nataka kula pamoja na weye," akasema.

Nilidhani anazungumzia chakula. Nikataja viazi, nikataja sambaza, vile visamaki vya ziwani. Akatikisa kichwa, akanitazama, ndipo nikaelewa. Hakuwahi kusema neno hilo tangu tuoane.

Pasta wetu wa sasa ni kijana. Alikimbia Masisi pamoja na waumini wake, akaishi nao kwenye mahema upande wa Lac Vert, kisha kanisa likampa kazi kwetu. Hakuwa amemaliza hata miezi michache. Nilimwomba aje amwombee mgonjwa, sikuomba zaidi. Alikuja mchana, pamoja na mama mmoja shemasi. Nilikwenda chumba cha pili kutafuta viti. Niliporudi nikiwa na kiti kila mkono, nilimkuta amefungua mfuko wake mdogo, mkate uko kwenye kisahani, kikombe kiko pembeni. Alikuwa amekuja na Meza ya wagonjwa. Kwake lilikuwa jambo la wazi: huyu ni mke wa mzee wa kanisa, ni mgonjwa, basi anakula.

Mke wangu alikuwa anautazama ule mkate. Sijui namna ya kueleza uso wake. Nimemwona siku ya harusi, nimemwona akishika watoto wetu wakiwa na damu bado, na sikuwahi kumwona vile.

Pasta alisali, akauinua mkate, akanyoosha mkono. Na mke wangu, machozi yakimtoka, akasema kwa sauti ndogo: "Asante, Yezu wangu."

Mama shemasi alikohoa. Mkono wa pasta ulisimama hewani.

"Mama," akasema polepole, "zamani ulikuwa unasali wapi?"

Angeweza kunyamaza. Alikuwa amechoka vya kutosha kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Akasema: "Nasali kwenu tangu niolewe, pasta. Lakini nilibatizwa kwetu, na padri. Mu ziwa sijashuka."

Kijana yule alinitazama. Mimi nilikuwa bado na viti mikononi. Alirudisha mkate kwenye kisahani, kwa upole sana, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akaniomba tutoke nje.

"Muzee, nifanye nini? Nikimupa yeye, wale wamama niliowanyima kule kwenye mahema nitawaambia nini? Walikuwa wanakufa na wao."

"Huna la kufanya, pasta. Umefanya ulivyofundishwa."

"Ningejua nisingekuja na mukate. Kumuonyesha na kumunyima! Ningejua, muzee!"

Alilia pale kwenye mawe ya uwanja wetu, na mimi nikawa ndiye ninayembembeleza.

Walipoondoka niliingia. Mke wangu alikuwa amefumba macho.

"Usimukasirikie," akasema. "Mutoto wa watu."

"Simkasirikii." Nikakaa kitandani. "Mama, mkate uko jikoni. Mimi ni mzee wa kanisa, maneno nayajua. Mlango nitaufunga."

Alifumbua macho, na ukali wake wa zamani ukarudi. "Papa, usinipe cha kuiba. Nimekaa na njaa miaka yote juu ya kutaka kile cha kweli. Sasa unataka nikufe nimekula cha kujificha?"

Asubuhi nilivaa koti ninalovaa kanisani, nikaenda kwa miguu mpaka parokia. Watu walionifahamu njiani waliniamkia, na wengine waligeuka kuona mzee wa kanisa lile anaingia kwa mapadri. Padri alikuwa mzee kama mimi, mtu wa upande wa Bukavu, na alinipa kiti kabla hajaniuliza lolote.

"Nisaidie, padri. Nataka uje umlishe mke wangu."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mulifunga ndoa wapi?"

"Kwetu."

Akavuta kiti chake karibu. "Muzee, kwa mutu anayekaribia kufa, Kanisa linafungua mikono. Nitakuja leo hii. Lakini naomba kitu kimoja. Ndoa yenu niibariki kwanza. Nitawauliza maneno, na weye utajibu tena."

Nilikaa na jambo hilo. Mke wangu alikataa maisha yote kubatizwa mara mbili, na sasa mimi naombwa kuoa mara mbili, mwanamke yule yule. Nilijua wazee wenzangu watasemaje. Nilijua pia ninachoamini mimi: kwamba Mungu alikuwepo siku ile ya kwanza.

"Padri, ile ya kwanza ilikuwa bure?"

"Mbele ya Mungu, mimi siwezi kusema hivyo. Nakuambia tu kile Kanisa linaniomba."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Nikamwambia twende.

Dada yake mkubwa alikuwa amefika, akasikia habari, akaanza kumfunga mdogo wake kitenge kipya huku akigomba: "Kumbe harusi ni leo na bibi harusi hata hajachanwa nywele! Shemeji, leo umekuja kuposa vizuri. Mara ya kwanza ulituibia."

Mke wangu alinivuta mkono. "Papa, umekubali kweli? Sitaki useme uongo kwa ajili yangu."

"Kukuambia ndiyo mara ya pili si uongo."

"Na utanioa na hii miguu?"

"Ndiyo miguu niliyoikuta."

Dada yake na binti yetu wa mwisho, aliyekuwa akimuuguza, wakawa mashahidi. Padri akauliza, nikajibu. Akamuuliza mke wangu, akajibu kwa pumzi iliyobaki, lakini alijibu neno zima. Kisha tukatoka ili aungame, tukarudi, akapakwa mafuta. Padri akafungua kile kisanduku kidogo cha dhahabu, akatoa hostia, akasema maneno yake. Mke wangu akafungua mdomo. Akala.

Nilipiga magoti upande wa pili wa kitanda. Nilimshukuru Mungu, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Nilimwona ameshiba. Lakini yeye alipomeza, alinigeukia, kisha akamgeukia padri, akauliza:

"Na yeye?"

Padri alikifunga kile kisanduku kidogo.

"Bado, mama," padri akasema.

Mke wangu alinigeukia tena. Akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, kama tunavyowawekea watoto, akasema: "Basi nitakungojea kule. Sitaanza bila weye."

Alikufa kabla ya Jumapili. Siku zile zilizobaki nilimpikia viazi, nikaviponda, tukala kutoka sahani moja, kijiko kwake, kijiko kwangu. Tulishukuru kabla ya kula kama kawaida. Hatukukiita chakula kile jina lingine. Hakikuwa Meza ya Bwana, na mke wangu hakupenda vitu viitwe visivyokuwa.

Baada ya kilio, wazee wenzangu waliniita. Ni ndugu zangu. Wengine niliwafundisha mimi. Mmoja aliniuliza kama, kwa kujibu maswali ya padri, nilikiri kwamba harusi waliyonifungia wao ilikuwa bure.

"Sikukiri hivyo," nikasema. "Niliulizwa kama namchukua mwanamke yule. Hata askari wa barabarani angeniuliza, ningesema ndiyo."

Wachache walicheka. Waliamua nipumzike kuhudumu Mezani kwa muda, na nisile, mpaka jambo lieleweke. Pasta kijana ndiye aliyetumwa kuniambia, na alisema akitazama chini. Nilikubali. Kanisa lisilo na utaratibu si kanisa, na utaratibu huo niliutetea mimi mwenyewe mbele ya watu wengi.

Sasa vijana wanaokuja kunisalimu hunifariji kwa maneno yale yale: "Muzee, Mungu ni mumoja, hizi tofauti ni mambo ya watu tu, haziko kitu." Wanasema kwa upendo, nami nawashukuru. Lakini siwezi kuitikia. Kama haziko kitu, basi mke wangu alikaa na njaa maisha yote kwa ajili ya upuuzi, na pasta yule alilia uwanjani kwetu kwa ajili ya upuuzi. Sivyo. Yeye alijua alichokishika, sisi tulijua tulichokishika, na wote tuliogopa kumdanganya Mungu. Ubatizo ni kitu. Ndoa ni kitu. Mkate ule ni kitu, kuliko vyote. Laiti visingekuwa kitu, nisingekuwa nalia.

Ninachoweza kusema baada ya kusoma na kufundisha miaka mingi ni kidogo. Padri hakumwambia mke wangu "hapana." Angeweza, na sheria yake ingemruhusu. Alisema "bado." Katika lugha yetu, anayeambiwa hapana huenda zake, na anayeambiwa bado hubaki ameketi. Mimi nimebaki nimeketi. Makanisa yote mawili yanajua nilipo. Huwa naumwa moyo, hasa asubuhi, nikinyoosha mkono upande wake wa kitanda, lakini sijaondoka, na naamini kwamba mwenye Meza anaona nani ameketi na tangu lini.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, wa kanisa lolote ulilomo, Mungu akupe mkate wako wa leo na mtu wa kuula pamoja naye. Akulinde na vita na moyo mgumu. Kama kuna umpendaye ambaye mmetenganishwa na mstari ambao hamkuuchora ninyi, Bwana awatie subira ya kutoudharau na huruma ya kutousujudu, na siku atakapotuketisha wote, asikosekane hata mmoja wa wale wanaotungoja. Amina.